Namba ya kuacha sigara: barua ya wazi kwa Waziri wa Afya kutoka Arua

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, Kampala.
Nakala kwa Tume ya Mawasiliano ya Uganda, kwa maofisa wa afya wa Jiji la Arua na Wilaya ya Koboko, na kwa wakuu wa kampuni za simu.

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kuomba kitu kimoja: namba fupi ya simu, ya bure, ambayo kijana wa Arua au Koboko anayetaka kuacha sigara ataibipu au kuitumia neno moja, na tangu siku hiyo apokee meseji za kumsaidia kwa miezi sita, kwa lugha anayoielewa, bila jirani wala mwajiri kujua. Siombi jengo jipya wala gari. Simu vijana wanazo, minara imesimama, na wanaotaka kuacha wapo. Anayekosekana ni mtu wa upande wa serikali wa kuviunganisha vitu hivyo.

Mimi nafundisha ufundi mjini Arua. Wanafunzi wangu ni vijana wa miaka 18 hadi 25, na wengi wao wanavuta. Sigara wanainunua moja moja, kibandani. Dirisha la kibanda lina nondo, na kwenye nondo kumefungwa kiberiti cha gesi kwa uzi mrefu wa nailoni. Kijana anatoa sarafu, anapewa sigara, anavuta uzi, anawasha, anaachia kiberiti kining'inie, anaondoka. Hakuna aliyeulizwa umri na hakuna aliyesema neno. Kuanzia mwanzo hadi mwisho jambo zima halimalizi dakika moja.

Naijua sheria, Mheshimiwa, na naiheshimu. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2015, iliyoanza kazi Mei 2016, inakataza kumuuzia sigara mtu aliye chini ya miaka 21. Inakataza kuuza sigara moja moja. Imepiga marufuku shisha na tumbaku ya kutafuna iitwayo kuber, imefuta matangazo, na imezuia kuvuta sehemu za umma na hata umbali wa mita 50 kutoka sehemu hizo. Kampuni ya sigara ya BAT Uganda iliipeleka mahakamani, na mwaka 2019 Mahakama ya Katiba ikalitupa shauri lile. Waliopigania sheria ile, ndani ya Bunge na nje yake, walifanya kazi ambayo watoto wetu watakula matunda yake.

Lakini sheria inasema na muuzaji. Inasema na mwenye baa, mwenye kiwanda, mwenye basi. Kijana ambaye tayari anavuta, ambaye ameamka leo akitaka kuacha, sheria haijamfikia na neno lolote la kumsaidia. Anaambiwa asivute hapa, asinunue pale. Akiuliza, "Basi nifanyeje?", hapati wa kumjibu. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, ambao Uganda iliuridhia mwaka 2007, una kifungu cha 14 kinachozitaka nchi ziwasaidie wavutaji kuacha. Kifungu hicho huku kwetu bado ni karatasi.

Nieleze kwa nini naanza na West Nile, eneo letu hili la Arua na Koboko, na sio mahali pengine.

Kwetu tumbaku haikuingia na vijana wa mjini. Ilikuwa shambani. Kwa miongo mingi ndiyo iliyokuwa pesa ya karo, pesa ya mabati, pesa ya mahari. Kuanzia Maracha hadi Koboko na Terego, nyumba nyingi zilikuwa na banda la kukaushia majani, na milima yetu ilivuliwa miti kwa ajili ya kuni za mabanda hayo. Watoto walivuna majani asubuhi yakiwa bado na umande, na wengine walirudi nyumbani wakitapika, vichwa vikizunguka. Wazazi walidhani ni malaria. Ilikuwa nikotini, imepita kwenye ngozi kutoka kwenye majani mabichi. Nyumbani mtoto alitumwa jikoni kuwasha sigara ya babu kwenye kaa la moto, na ili iwake lazima aivute kidogo. Wapo wazee wa leo walioanza hivyo, na watoto wao wakaanza hivyo hivyo.

BAT ilinunua majani yetu miaka nenda rudi, kisha ikajitoa katika biashara ya majani. Wakulima wengine wamehamia mihogo, ufuta, kahawa. Sigara yenyewe haikuhama. Na kwa kuwa sisi tuko mpakani, Arua ikipakana na Kongo na Koboko ikipakana na Kongo na Sudan Kusini kwa pamoja, sigara ya magendo inapita njia za vichochoro ikiwa haina hata picha ya onyo. Bei yake ni ya chini kuliko ile iliyolipiwa ushuru. Kwa hiyo kodi mnayoipandisha Kampala ili kumkatisha tamaa mvutaji, huku kwetu nguvu yake inapungua njiani. Hii ni sababu mojawapo ya kusema kwamba West Nile tunahitaji msaada wa kuacha kuliko maeneo yanayotegemea bei na askari.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2013 kuhusu matumizi ya tumbaku kwa watu wazima ulikuta kwamba asilimia 7.9 ya Waganda wanatumia tumbaku, wanaume wakiwa asilimia 11.6 na wanawake 4.6. Mtu anaweza kusema ni idadi ndogo. Mimi nasema ni nafasi. Nchi ambayo asilimia kubwa bado haijanaswa inaweza kuwafikia walionaswa wakiwa bado vijana, kabla mapafu na moyo havijaanza kudai. Duniani tumbaku inaua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka. Anayeacha kabla ya miaka 30 au 35 anaikwepa karibu hatari yote ya kufa mapema. Wanafunzi wangu wako kwenye umri huo sasa hivi.

Sasa tuje kwenye kuacha kwenyewe, maana hapa ndipo watu wengi wasiovuta wanapokosea. Wanadhani ni suala la kuamua. Vijana wangu wameamua mara nyingi. Wanaamua Jumapili baada ya ibada, wanaamua mwanzo wa Ramadhani, wanaamua mtoto anapozaliwa. Nikotini hutoka damuni upesi, nusu yake inakwisha ndani ya saa mbili hivi, na mwili unaanza kudai siku ile ile. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya. Kichwa kinauma, usingizi unakatika, hasira zinakuja juu kwa kitu kidogo. Mwendesha boda anamfokea abiria, fundi anatupa nyundo. Mitaani watu wanaiita arosto. Ubaya huo unapungua wiki hadi wiki, na kwa wengi ndani ya mwezi mmoja unakuwa umekwisha. Na kila hamu inayomshika anayeacha, ukiihesabu kwa saa, ni ya dakika chache tu; akiipisha, inaondoka. Kijana wa stegi ya boda hajui hayo. Yeye anaona siku ya tatu ndiyo maisha yake mapya, atakuwa hivi daima, na kibanda kiko hatua kumi kutoka aliposimama.

Kwa dakika hizo chache muuguzi hayuko. Daktari wa Hospitali ya Rufaa ya Arua hayuko. Mama yake hajui kama anavuta. Simu iko mfukoni.

Ndiyo maana wenzetu wa nchi nyingine walijaribu meseji. New Zealand walichapisha matokeo ya jaribio lao mwaka 2005, wengi wa waliojiunga wakiwa vijana. Uingereza walichapisha mwaka 2011 katika jarida la Lancet, na jaribio lao lilikuwa kubwa: watu 5,800. Nusu walipata meseji za kuwasaidia kuacha, tano kwa siku kwa wiki tano za mwanzo, halafu tatu kwa wiki kwa wiki 26. Nusu walipata meseji za kawaida zisizohusu kuacha. Aliyeshikwa na hamu aliweza kutuma neno moja na kujibiwa pale pale. Aliyeteleza akavuta, vivyo hivyo. Baada ya miezi sita hawakuridhika na maneno ya watu, walipima. Walioacha kweli kweli walikuwa asilimia 10.7 upande wa meseji za msaada na asilimia 4.9 upande wa pili.

Sitakuficha, Mheshimiwa: katika kila watu 100, karibu 90 hawakuacha. Atakayekuja kwako na kusema meseji zinamaliza tatizo, usimsikilize. Lakini idadi ya walioacha iliongezeka mara mbili, kwa kitu cha bei rahisi kinachofika kwa mtu aliyelala kitandani kwake. Dawa nyingi tunazozinunua kwa fedha za kigeni hazifanyi zaidi ya hapo.

Kwa vijana hasa, Marekani walijaribu kwa watu wa miaka 18 hadi 24 waliokuwa wanavuta sigara za kielektroniki, na matokeo yakachapishwa mwaka 2021: baada ya miezi saba, asilimia 24.1 ya waliopata meseji walisema wameacha, dhidi ya asilimia 18.6 ya wasiopata. Na India, nchi yenye vijiji na lugha nyingi kuliko sisi, wizara yao ya afya ilianzisha huduma hii Januari 2016 pamoja na Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano. Anayetaka kujiunga anabipu tu. Simu inakatika, hakatwi hata shilingi, na meseji zinaanza kuja. Kubipu sisi tunafundishwa na nani?

Kuna atakayesema Arua si London wala Delhi. Basi tuzungumze habari za Arua. Mwaka 2009 shirika la Text to Change, pamoja na Kituo cha Habari za Ukimwi na kampuni ya simu ya wakati ule, Zain, walituma maswali 13 ya chemsha bongo kuhusu Ukimwi kwa laini 10,000 za watu wa Arua. Jambo hili lilifanyika hapa hapa, kabla wengi wa wanafunzi wangu hawajamiliki simu. Watafiti walipoangalia matokeo walikuta kwamba waliojibu hawakufika hata mmoja kati ya watano. Wengine wanalisimulia kama ushahidi kwamba meseji hazifai. Mimi nalisoma tofauti. Maswali yale yalitumwa kwa watu ambao hawakuyaomba. Yaliingia kwenye simu pamoja na matangazo ya vocha na bahati nasibu, na mtu aliyafuta kama anavyofuta matangazo hayo. Huduma ninayoiomba inamngoja mtu ajiunge mwenyewe. Anayebipu namba ya kuacha sigara saa tano za usiku ameshafanya nusu ya kazi.

Na mitambo ipo. U-Report ya UNICEF imekuwa ikiwauliza vijana wa Uganda maswali kwa meseji za bure tangu 2011. Wizara yako yenyewe inatuma meseji kwa watumishi wa afya. Hatuanzii sifuri.

Yapo mambo ambayo yakikosewa huduma itakufa kabla haijatembea, na naomba niyaseme kwa sababu watakaoandika mpango wanaweza kuwa hawajawahi kulala Koboko.

Meseji ya kawaida ije kwanza, WhatsApp baadaye. Vijana wengi wanashika kitochi, na hata mwenye simu kubwa hana bando kila siku. Tangu kodi ya mitandao ya mwaka 2018, na ile ya bando iliyofuata mwaka 2021, watu huku wamejifunza kuzima data. Meseji inafika kwenye simu yoyote na haili bando. Umeme wa gridi ya taifa ulifika Arua mwaka 2024, lakini ukitoka mjini simu bado inachajiwa dukani kwa pesa, na inazimwa usiku kutunza betri. Ujumbe wa saa kumi na moja alfajiri, mwendesha boda anapofika stegi na baridi, unaweza kumkuta. Wa saa nne usiku huenda usimkute.

Lugha. Kiingereza cha ofisini hakitamfikia kijana aliyeacha shule darasa la sita. Arua iandikiwe Kilugbara, Koboko Kikakwa, na kote kuwe na Kinubi na Kiswahili, kwa ajili ya mitaa kama Oli na kwa ajili ya wakimbizi. Kambi za Lobule, Rhino na Imvepi zina maelfu ya vijana wa Kongo na Sudan Kusini ambao wana simu, wana muda mrefu wa kukaa bure, na wana sababu nyingi za kuwasha sigara. Tume ya Mawasiliano iliwaruhusu mwaka 2019 kusajili laini kwa vitambulisho vyao vya ukimbizi. Wasiachwe nje ya huduma hii kwa sababu hawana namba ya kitambulisho cha taifa.

Siri. Hili nalisisitiza kuliko yote. Laini zetu zimesajiliwa kwa majina, na kijana wa miaka 19 anajua kwamba sigara aliyonayo aliuziwa kinyume cha sheria. Akihisi namba ile inapeleka jina lake polisi au kwa mkuu wa shule, hataibipu. Wasichana wana hofu zaidi. Msichana anayevuta mjini kwetu anaficha na anatafuna majani ya mpera kuondoa harufu. Meseji yenye neno "sigara" ikisomwa na kaka yake, yeye ndiye atakayeadhibiwa. Basi aweze kuchagua meseji zisizotaja sigara kabisa. Simu nyingi zinatumiwa na watu wawili watatu wa nyumba moja. Sheria ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2019 ipo, na kampuni za simu zifungwe nayo: orodha ya wanaoacha sigara isiuzwe, isitumiwe kwa tangazo, isiguswe na mtu wa biashara ya tumbaku. Na fedha za kampuni za sigara zisiingie humu hata kwa mlango wa nyuma.

Maneno yenyewe yaandikwe na vijana. Nimewahi kuwasomea wanafunzi mabango ya afya, na nimeona jinsi wanavyoacha kusikiliza wakisikia neno la tatu. Meseji moja ina nafasi ya herufi 160. Tulikaa darasani tukajaribu, na hii ni ya siku ya tatu, kama walivyoiandika wao: "Leo siku ya 3. Hasira na kichwa kuuma ni nikotini inatoka mwilini, si ugonjwa. Hamu ikija, subiri dakika 5: kunywa maji, tembea, piga simu. Itapita." Na hii ni ya Ijumaa, kwa sababu wengi wao wanajua watakapoangukia: "Ijumaa jioni. Wenzako watavuta baa. Mwambie rafiki mmoja sasa hivi kwamba umeacha, akusimamie. Ukishindwa, tuma TENA; hatukufukuzi." Neno la mwisho lilibishaniwa sana. Kuna waliosema tukimwambia hatumfukuzi tunampa ruhusa ya kuvuta. Aliyewanyamazisha ni kijana ambaye ameshaacha na kurudia mara nyingi. Alisema kila aliporudia aliona aibu kumwambia mtu, na ile aibu ndiyo iliyomfanya anunue pakiti nzima. Wakaliacha libaki.

Mtu atume neno HAMU ajibiwe papo hapo, atume TENA apangiwe tarehe mpya ya kuacha, na atume MTU ikiwa anataka kuzungumza na binadamu. Hapo ndipo maofisa wa afya wa Arua na Koboko wanapoingia. Meseji bila mtu nyuma yake ina kikomo. Katika kila kituo kikubwa cha afya awepo muuguzi mmoja aliyefundishwa, anayejua kwamba chingamu na plasta za nikotini zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009, na Wizara ihakikishe kwamba angalau hospitali ya rufaa inazo. Wapo watakaokuja kwa sigara, kumbe kuna pombe na mairungi pia. Hao meseji haiwatoshi.

Kuhusu gharama: ukifuata mpango wa Uingereza, mtu mmoja anapata meseji kama 250 kwa kipindi chote. Kampuni za simu zinatutumia matangazo mengi kuliko hayo bila sisi kuomba. Tume ya Mawasiliano ina uwezo wa kutoa namba fupi na kuzitaka kampuni zisitoze. Na ushuru wa sigara unaingia hazina kila mwaka kutoka mifukoni mwa vijana hawa hawa. Kuwarudishia sehemu ndogo ili watoke ni haki yao.

Naomba pia tuhesabu. Huduma ianze Arua na Koboko, waliojiunga waulizwe baada ya mwezi mmoja na baada ya miezi sita, baadhi yao wapimwe, na Chuo Kikuu cha Muni kilicho hapa hapa kipewe kazi ya kuandika matokeo, mazuri na mabaya. Kama kwetu haifanyi kazi, tujue kwa takwimu zetu. Redio Pacis na redio nyingine za hapa zitaitangaza namba hiyo kwa lugha zote, na waendesha boda wataieneza kuliko redio.

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na najua bajeti za wizara huandaliwa mapema. Kwa hiyo, Mheshimiwa, nikijibiwa naomba jibu litaje ofisa atakayesimamia jambo hili na mwezi ambao namba itafunguliwa. Kundi langu la sasa linamaliza kozi mwisho wa mwaka. Wengine watakwenda kujenga Juba, wengine Kampala, na ningependa waondoke wakiwa na namba hiyo kwenye simu zao.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa ufundi, Arua